Makinda wa njiwa wa miezi minne kutoka Kisumu hadi Nakuru: mbona nusu hawajarudi?

#1 Lanet_Mabati
Habari wadau. Naomba mawazo yenu kabla hatujapakia kikapu tena.

Jumapili iliyopita mabanda matatu ya hapa Nakuru tuliunganisha makinda wetu tukawarusha kutoka Mamboleo, Kisumu. Wote ni wa miezi minne hadi mitano, wana pete, na wazazi wao ni njiwa wa mbio waliorudi kutoka Busia mwaka jana bila shida. Mazoezi tulianzia Salgaa, tukasogea Mau Summit, Londiani, mwisho Muhoroni. Kutoka Muhoroni waliingia kundi moja, wakatangulia hata gari lililowapeleka.

Kisumu ndiko mambo yalikoharibika. Gari lilikwama Kericho, kikapu kikafunguliwa saa nne asubuhi badala ya saa moja. Anga safi, kaupepo kidogo kutoka ziwani. Walizunguka sana juu ya Mamboleo, kisha wakashika upande wa Kibos. Mpaka leo nusu yao hawajaonekana. Wakubwa wa kikapu cha pili, tuliowaachilia muda mfupi baadaye, wote walikuwa nyumbani kabla ya saa nane.

Mimi naamini kinda aliyefunzwa vizuri anaweza kuvuka milima ya Mau. Wenye uzoefu wa upande huu wa magharibi, nini kiliwapata njiani?

#2 Kondele_Juu
Pole sana. Usitafute mbali, ni mwewe. Ukitoka Kibos, ile milima ya Nandi kushoto kwako ina mwewe kila mti. Wanaona kundi la wageni wanashukuru Mungu.

#3 Fundi_Shabab
Kondele, mwewe ananyakua vifaranga uani na mizoga barabarani. Njiwa mzima wa mbio akiwa juu anaruka, mwewe hamfikii. Anayemuua hewani ni kozi, yule wa kwenye miamba, anayejiangusha kutoka juu kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa. Mwingine ni kipanga mweusi wa msituni, anayevizia kwenye miti akachomoka chini chini. Huyo wa pili ndiye anatumaliza hapa Nakuru, anakaa kwenye mikaratusi.

Lakini hata kozi hali nusu ya kikapu. Anachukua mmoja. Hasara kubwa ni kwamba kundi linasambaratika, kila kinda anakimbilia kwake, na kinda aliyezoea kufuata wenzake hajui pa kwenda akibaki peke yake. Lanet, hao makinda uliwahi kuwarusha mmoja mmoja kwenye mazoezi, au siku zote kikapu kizima?

#4 Lanet_Mabati
Kikapu kizima siku zote. Tuliogopa wakiwa peke yao wataliwa.

#5 Mzee_wa_Londiani
Nimewasoma. Mimi naishi huku juu, na njiwa wenu huwa nawaona wakipita.

Tazameni nchi ilivyo. Kisumu iko mita 1,131 juu ya bahari. Kundi likitoka nyanda za Kano linapanda Muhoroni, Fort Ternan, na kufika huku Mau linahitaji kupita mita 2,500 hivi. Baada ya hapo linateremka hadi Nakuru, mita 1,850. Kwa hiyo mkisema kilomita mia na hamsini, huo ni ukuta wa kupanda, kisha bonde.

Na ukuta huo una hali yake ya hewa. Asubuhi upepo huku unatoka mashariki, yaani unawapiga njiwa usoni. Kuanzia saa nne au saa tano upepo wa ziwa unaanza kupanda kutoka Kisumu. Pepo hizo mbili zinakutana juu ya Kericho, Nandi na hapa kwetu, ndiyo maana mchana mawingu yanasimama na saa nane au saa tisa mvua ya mawe inapiga majani chai. Siku hiyo ya Jumapili, saa sita huku ilikuwa giza. Njiwa mkubwa akiona wingu analizunguka au anapenya chini yake bondeni. Kinda anarudi nyuma, anatua, analala juu ya paa la mtu. Hapo sasa ni bahati yake.

Mngewaachilia saa moja, saa tatu na nusu wangekuwa wamemaliza kazi.

#6 Mwalimu_Busia
Mzee umesema vizuri, ila naongeza jambo. Mwaka 2004 watafiti wa Oxford chini ya Tim Guilford walionyesha, kwa kuwafunga njiwa vifaa vya kurekodi safari, kwamba njiwa wanaozoea eneo huanza kufuata barabara kuu, hata kona na makutano yake. Njia ndefu kidogo lakini haihitaji kufikiri.

Sasa hawa makinda walifunzwa Mau Summit, Londiani na Muhoroni. Hiyo ni njia ya reli. Reli ya Kisumu ikitoka Nakuru inapita Timboroa, inashuka Londiani hadi Muhoroni. Nadhani kutoka Mamboleo waliikosa reli, wakakutana na lami ya Ahero, wakaifuata hadi Kericho na kwenye makutano ya Mau Summit. Pale barabara inagawanyika, kulia Nakuru, kushoto Eldoret. Waliogeuka kushoto ndio mnaowatafuta.

#7 Mzee_wa_Londiani
Mwalimu, Timboroa iko kwenye reli ya Eldoret kwenda Uganda. Reli ya Kisumu inaachana nayo Nakuru. Yetu inapita Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos. Ndiyo ile ya zamani iliyofika ziwani Desemba 1901.

#8 Mwalimu_Busia
Asante mzee. Hoja ya makutano inabaki.

#9 MamaMakinda_Njoro
Hamjambo wote. Mnajadili milima na reli, na hakuna aliyeuliza mabawa yalikuwaje.

Kinda wa miezi minne na nusu yuko katikati ya kubadilisha manyoya. Bawa lina manyoya 10 makubwa ya kurukia. Anaanza kuangusha la ndani kabisa akiwa na wiki sita hadi nane, kisha linalofuata, hivyo hivyo kuelekea ncha, na anamaliza akiwa na miezi sita hivi. Manyoya ya ndani yakikosekana haina neno, pengo ni dogo na wenzake wanalifunika. Akifika la saba, la nane, la tisa, hayo ndiyo marefu yanayomvuta mbele. Akiwa na pengo hapo mrushe karibu na nyumbani tu.

Kabla ya kumtia kikapuni, mshike, fungua bawa kwenye mwanga, hesabu. Unyoya mpya ni mweusi wa kung'aa na ukingo wake ni safi. Wa zamani umepauka, ncha imechakaa. Ule unaoota bado uko ndani ya ala yake ya kijivu, kama kalamu, na ukiubonyeza chini una damu. Kinda mwenye ala mbili kama hizo kwenye kila bawa anapanda Mau na bawa pungufu, tena upepo unampiga usoni. Kutoka Muhoroni atafika. Kutoka Kisumu anaishiwa nguvu Kipkelion.

Lanet kaka, umri wa kuandika kwenye daftari usikudanganye. Makinda walioanguliwa wiki moja wanapishana kwa manyoya mawili.

#10 Kakamega_Kijani
Mama yuko sawa kwa upande wake lakini nusu ya kikapu hawawezi kuwa na pengo lile lile. Mimi nalaumu jua. Njiwa anatumia jua kama dira. Sisi tuko kwenye ikweta na huu ni mwezi wa Machi, jua linapita utosini. Ukimwachilia jua likiwa juu ya kichwa, dira haina mwelekeo, ndiyo maana walizunguka sana Mamboleo.

#11 Mwalimu_Busia
Kakamega, saa nne si saa sita. Kisumu jua la Machi linafika utosini karibu saa saba kasorobo mchana. Saa nne bado liko chini ya nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Tena wakati wa Machi hapa ikweta linachomoza mashariki kamili na kupanda wima, halihami kwenda kaskazini wala kusini. Asubuhi nzima jua ni mashariki. Nakuru iko mashariki ya Kisumu, ikiinama kidogo kusini. Kazi ya kinda ilikuwa kulielekea jua, hakuna dira nyepesi kuliko hiyo.

Ila dira ya jua haizaliwi, hufunzwa. Njiwa lazima aunganishe saa iliyo mwilini mwake na mahali jua lilipo. Ukimfungia kwenye chumba chenye taa ukasogeza saa yake kwa saa 6, ukimtoa nje anapotoka karibu nyuzi 90. Na kuna jaribio la kina Wiltschko wa Ujerumani, miaka ya 1980 mwanzoni: makinda waliokua wakiliona jua la mchana na jioni peke yake hawakujua kulitumia jua la asubuhi.

Kwa hiyo namuuliza Lanet: makinda wako unawafungulia saa ngapi nyumbani?

#12 Lanet_Mabati
Jioni, mwalimu. Natoka kazini saa kumi, nafungua saa kumi na moja, wanaruka mpaka karibu magharibi. Banda langu mlango unatazama machweo, upande wa mawio kuna ukuta wa jirani. Wale wenzangu wawili pia wanafungua jioni.

#13 Kakamega_Kijani
Mmeona sasa! Jua ndilo lenyewe, nilisema.

#14 Fundi_Shabab
Pole pole. Mazoezi ya Salgaa hadi Muhoroni yalifanywa lini? Asubuhi. Wakarudi wote. Kama hawalijui jua la asubuhi wangepotea Salgaa.

#15 Mwalimu_Busia
Salgaa ni kilomita thelathini kasoro kutoka Nakuru, kinda anaona mlima Menengai na ziwa la Nakuru akiinuka juu kidogo. Muhoroni walikwenda kwa hatua, kila mara wakitumia walichokiona mara iliyopita. Mamboleo ndiyo mara ya kwanza walitolewa mahali ambapo hakuna walichokijua hata kimoja. Hapo ndipo dira inahitajika.

#16 Fundi_Shabab
Kutoka Mamboleo ukiinuka unaona mpaka Muhoroni siku ya anga safi. Nyanda za Kano ni tambarare. Sijashawishika.

#17 Kondele_Juu
Na minara ya simu je? Kisumu yote sasa ni minara. Njiwa ana chuma mdomoni, juu ya domo, ndicho kinachosoma sumaku ya dunia. Mawimbi yanakivuruga. Babu alikuwa akituma njiwa kutoka hapa hadi Yala, wanarudi wote, minara haikuwepo.

#18 Mwalimu_Busia
Chuma kipo, lakini mwaka 2012 kikundi cha David Keays huko Vienna kilichunguza seli zile za mdomoni kikakuta ni seli za kinga ya mwili, za kawaida kabisa, hazina kazi ya kusoma sumaku. Na Waitaliano wa Pisa walikata mshipa wa fahamu unaotoka mdomoni, njiwa wakarudi nyumbani vizuri. Walipokata wa harufu, wakapotea.

Kwamba njiwa anahisi sumaku, hilo lina ushahidi. William Keeton mwaka 1971 alionyesha kwamba njiwa waliofungwa sumaku mgongoni wanapotea siku ya mawingu, siku ya jua hawajali. Na mawimbi: mwaka 2014 Ujerumani walionyesha kwamba kelele za umeme za masafa ya redio ya AM zinavuruga dira ya ndege wadogo wanaohama. Mawimbi ya simu ni ya juu zaidi ya hapo. Na wale wakubwa walipita minara hiyo hiyo siku hiyo hiyo, wakarudi.

#19 Kondele_Juu
Mkubwa amezoea. Kinda ndiyo kwanza anajifunza. Hilo hujalijibu mwalimu.

#20 Mkulima_Ahero
Hamjambo. Mmesema harufu, nami nataka kusikia zaidi. Njiwa ananusa Nakuru akiwa Kisumu?

#21 MamaMakinda_Njoro
Hanusi Nakuru moja kwa moja. Floriano Papi wa Pisa alisema miaka ya 1970 kwamba kinda akiwa bandani ananusa upepo. Upepo wa upande huu una harufu hii, wa upande ule una harufu ile, anaziweka kichwani. Ukimpeleka mbali akakuta harufu ya upande wa magharibi imemzidi, anajua yuko magharibi, anaruka mashariki. Ndiyo maana banda lililozibwa pande zote linatoa njiwa wanaopotea. Weka wavu, acha upepo uingie, hasa siku ambazo unavuma kutoka upande mtakaowarusha.

Na ukuta wa jirani wa Lanet unaziba upepo pia, si jua peke yake.

#22 Kondele_Juu
Basi makinda wa Nakuru wakinusa molasi ya Muhoroni wanajua wamefika nusu ya njia. Wakinusa omena, wako Dunga, wageuke haraka.

#23 MamaMakinda_Njoro
Unacheka lakini ndivyo inavyosemwa, Kondele.

#24 Daktari_wa_Kuku
Samahani nimechelewa, nilikuwa mashambani Rongai. Naona mnazungumzia kila kitu isipokuwa afya.

Mambo mawili. La kwanza, walilala kikapuni usiku? Walikunywa maji saa ngapi mara ya mwisho? Kinda hajui kunywa kwenye chombo cha kikapuni kama hajafundishwa. Mkubwa anajua. Kukaa tangu usiku hadi saa nne bila maji, kisha kupanda Mau kwenye jua, ni lazima atue atafute maji. Akishatua sehemu asiyoijua ameshaharibikiwa.

La pili, koo. Mchukue kinda mmoja kati ya waliorudi, fungua mdomo kwa vidole viwili, mulika na tochi ya simu. Koo zuri ni la waridi, safi, na tundu la hewa linafunguka na kufungwa. Ukiona vipande vya manjano kama jibini vimeshika nyuma ya ulimi, au uzi wa mate mazito unaounga juu na chini, huyo ana ugonjwa wa koo. Wazazi wanawaambukiza kwa yale maziwa wanayowatapikia tangu wakiwa wachanga. Nyumbani anaruka vizuri usijue. Njia ndefu inamwumbua, pumzi haitoshi. Dawa ipo, lakini mwone daktari wa mifugo akupe kipimo, usikadirie kwa kijiko.

Na chanjo ya kideri mlipiga? Virusi vya njiwa ni ndugu wa kideri cha kuku. Njiwa aliyepona anaweza kubaki na fahamu zisizo sawa, anazunguka, anakosa punje anapodonoa.

#25 Lanet_Mabati
Asante daktari. Walilala kikapuni, ndiyo, na bakuli la maji lilikuwemo. Nani alikunywa sijui. Koo nitaangalia leo.

#26 Mwanza_Ziwani
Shikamoo Mzee wa Londiani, habari za wengine. Aisee uzi mtamu. Huku kwetu shida ni maji, njiwa hapendi kuvuka maji makubwa, anafuata ufuo hata kama ni mbali mara mbili. Je, hao wa Mamboleo hawakuogopa ziwa wakapotoka?

Na pili, mjini Kisumu kuna njiwa manga wengi kwenye maghala ya nafaka. Kinda mwenye njaa akiona kundi linakula, anashuka. Akipata mwenza ndiyo basi, ameoa.

Halafu nimeona kwenye habari kwamba Ubelgiji njiwa mmoja aliuzwa kwa mamilioni. Ni kweli?

#27 Mzee_wa_Londiani
Marahaba kijana wa Mwanza.

#28 Fundi_Shabab
Kweli. Armando aliuzwa mwaka 2019 kwa euro milioni 1.25, na jike New Kim mwaka 2020 kwa euro milioni 1.6. Armando alikuwa bingwa wa masafa marefu.

Kuhusu ziwa, Kisumu liko magharibi na kusini-magharibi yao. Wao wanakwenda mashariki. Wangerushwa Homa Bay ndiyo Ghuba ya Winam ingewapa taabu.

#29 Kakamega_Kijani
Mimi wangu walitoka Kisumu hadi Nakuru kwa shemeji, walipiga kilomita 185 kwa saa mbili na nusu. Hiyo ni kilomita 74 kwa saa, na walikuwa makinda. Kwa hiyo inawezekana.

#30 Fundi_Shabab
Shemeji, 185 ni barabara ya kupitia Kericho. Njiwa hapandi matatu. Mbio zinapimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kikapu hadi banda, Kisumu hadi Nakuru ni kama kilomita 148. Gawa kwa dakika, hiyo ndiyo kasi, maana mabanda hayako umbali sawa. Kilomita 148 kwa dakika 150 ni chini kidogo ya mita 1,000 kwa dakika. Kwa kupanda Mau ni kazi nzuri sana, hongera, lakini ni kama kilomita 59 kwa saa.

#31 Kakamega_Kijani
Sawa fundi. Lakini walifika.

#32 Mzee_wa_Londiani
Swali ni kama wanafaa kurushwa, si kama inawezekana. Afrika Kusini kwenye mashindano ya banda moja makinda kutoka nchi nyingi huruka zaidi ya kilomita 500 siku ya fainali. Ila wanakuzwa pale pale tangu wachanga, na mazoezi yao ni ya miezi. Halafu nchi yenyewe haifanani na hii yetu ya kupanda na kushuka.

#33 Mwalimu_Busia
Na hata wenye utaalamu hupoteza. Mwaka 1997 Waingereza waliachilia njiwa zaidi ya 60,000 Nantes, Ufaransa, warudi kwao ng'ambo ya mlango wa bahari. Maelfu kwa maelfu hawakuonekana. Jon Hagstrum, mtaalamu wa miamba wa Marekani, alidai ndege ya Concorde ilipita na mshindo wake ukawazibia sauti za chini sana ambazo njiwa husikiliza ili kujua kwao. Wengine hawamkubalii. Ni zaidi ya miaka ishirini na bado wanabishana.

#34 Mkulima_Ahero
Sasa nisikilizeni mimi ambaye siko Oxford. Jumapili ile, kwenye saa tano, nilikuwa kwenye mfereji wa mpunga. Njiwa kama kumi hivi walitua ukingoni wakanywa, miguuni wana pete, mmoja ya buluu. Hawakuwa wa hapa, wa hapa wananijua. Walikunywa muda mrefu, vichwa chini bila kuinua. Kisha vijana wakawarushia mawe, wakaruka kuelekea Awasi. Wawili walibaki wakaingia na njiwa wa jirani yangu.

Jirani anasema ni riziki yake, wamejileta wenyewe.

#35 Lanet_Mabati
Pete ya buluu ni banda la mwenzangu wa Bahati! Ndugu yangu, tafadhali zungumza na jirani. Tutamletea jozi ya makinda wengine ambao hawajawahi kuruka, watakaa kwake bila taabu. Hao wenye pete akiwafungulia mwezi ujao wanaweza kukumbuka kwao wakaondoka, atabaki mikono mitupu.

#36 Daktari_wa_Kuku
Kunywa muda mrefu bila kuinua kichwa ndivyo njiwa wote hunywa, lakini kutua saa tano, saa moja tu baada ya kuachiliwa, hiyo ni kiu ya kikapuni. Ahero ni karibu mno kwa njiwa aliyekunywa asubuhi.

#37 Mzee_wa_Londiani
Au waliona mawingu ya Nandi wakasita. Na Ahero haiko kwenye mstari wa Kibos, iko kusini yake. Kwa nini walihama?

#38 Mwalimu_Busia
Lami, mzee. Walishaikuta lami.

#39 Lanet_Mabati
Wadau, taarifa. Jioni hii kinda mmoja mwekundu ameingia. Ametembea juu ya bati mpaka mlangoni, hakuweza kuruka ile hatua ya mwisho. Nimemshika. Kifua kimepasuka kwa upana, sentimita tatu hivi, manyoya yameganda damu. Nilipompa maji alikunywa kwa pupa, na maji yakatoka kifuani yakitiririka kwenye mkono wangu. Nifanye nini usiku huu?

#40 Daktari_wa_Kuku
Kifuko cha chakula kimetoboka. Usimpe punje leo. Osha kidonda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, ng'oa manyoya pembeni ili yasiingie ndani, mweke kwenye boksi lenye joto na giza. Kesho asubuhi mpeleke kwa daktari wa mifugo ashone, tabaka la ndani peke yake na ngozi peke yake. Vikishonwa pamoja kifuko kinashikamana na ngozi. Wengi hupona kabisa.

#41 Kondele_Juu
Si nilisema? Hiyo ni kucha.

#42 Fundi_Shabab
Kucha za kozi zinaacha mashimo na mgongo unanyonyoka. Mpasuko wa upana kifuani ni waya. Kuna nyaya za umeme mkubwa zinazotoka Olkaria kwenda Lessos na Kisumu, zimekata milima ile yote. Kinda akiwa anaruka chini chini kwa sababu ya wingu au upepo wa usoni, anazigonga.

#43 Mzee_wa_Londiani
Kozi akimkimbiza naye anashuka chini chini akagonga waya. Mnaweza kuwa sahihi wote wawili.

#44 MamaMakinda_Njoro
Lanet, pole na huyo mwekundu, ana moyo. Ukimtuliza mfungulie bawa uniambie yuko unyoya wa ngapi.

#45 Lanet_Mabati
Wa saba ameuangusha, wa sita unaota bado uko kwenye ala. Koo safi, hakuna manjano.

#46 MamaMakinda_Njoro
Basi umeona mwenyewe.

#47 Kakamega_Kijani
Umeona nini? Huyo ndiye aliyerudi, mama! Waliopotea hatujui mabawa yao.

#48 Mwalimu_Busia
Napendekeza jaribio. Makinda watakaotoka sasa wagawanyeni. Nusu wafunguliwe alfajiri kila siku, nusu jioni kama kawaida. Wote wafundishwe kunywa kikapuni. Mwisho wa Aprili rusheni makundi mawili Mamboleo, saa moja kamili, kwa kupishana nusu saa. Tutajua kama ni jua.

#49 Fundi_Shabab
Na wengine warushwe mmoja mmoja kutoka Londiani kwanza. Mimi nitatoa wangu.

#50 Mzee_wa_Londiani
Mwisho wa Aprili huku ni masika, ukungu haupandi mpaka saa nne. Mtakuwa mnapima mvua. Ngojeni Juni.

#51 Mwalimu_Busia
Juni jua liko kaskazini, mzee. Itakuwa dira nyingine.

#52 Mkulima_Ahero
Jirani amekubali kubadilishana, ila anataka jozi ya weupe. Lanet, ukija Jumamosi pitia kwangu kwanza, usiende kwake peke yako. Na mbeba kikapu awe na maji.